Maji Yaliyolala

Siku ile, wasomaji wangu, nilirudi ofisini nimechoka na nimekasirika, na niliyemkasirikia ni mimi mwenyewe. Asubuhi nilikuwa nimekwenda kupima maji ya kisima cha Minza, mama anayeishi chini ya kilima cha vifusi vya mgodi. Kazi yetu ina sharti moja: upige pampu mpaka maji yaliyolala bombani yaishe, ndipo uchukue yale yanayotoka mwambani, maana ndiyo yanayoonyesha sumu kama ipo. Lakini jua lilikuwa kali, dereva anapiga honi kama mwendawazimu, nami nikajaza kichupa kwa maji ya kwanza. "Mwanangu, yananyweka haya?" Minza aliniuliza. "Mke wa mwanangu ni mjamzito, na ndiyo anayokunywa." Nikamwambia asijali, majibu yatakuja. Akanipa chupa ya maji yake ninywe njiani. Saa tisa alasiri kipimo hakikuonyesha sumu yoyote. Nikaandika SALAMA kwenye fomu, na kabla sijatia sahihi usingizi ukaniangusha palepale mezani.

Nikaota nimesimama katika nchi isiyo na jani hata moja, ambako jitu liitwalo Tamaa lilikuwa likiipasua ardhi tumbo kwa nyundo, na kila pigo lilirusha maji mekundu yaliyotuchoma nyuso. Mwanamke mwenye sugu viganjani akanivuta hadi kwenye kisima. "Mimi ni Subira," alisema. "Kisima hiki kina neno la kukwambia, lakini hakilisemi kwenye ndoo ya kwanza. Piga pampu pamoja nami, na usiache mpaka nikwambie." Tukapiga. Mara akatokea Haraka na mjeledi wa waya, akamchana Subira mgongo mpaka mifupa ikaonekana, akamvunja meno kwa teke, kisha akamsukumia kisimani. Subira akaning'inia ukingoni kwa vidole vyake vyote. "Funika, mtaalamu! Unangoja nini?" Haraka alifoka. Mfuniko ulikuwa fomu yangu, mzito kama chuma. Ningependa kuwaambia kwamba nilikataa. Sikukataa. Nilimkanyaga vidole kimoja kimoja, nikavisikia vikivunjika, mpaka akaanguka, nami nikafunika. Kutoka chini kikapanda kilio cha mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa, na juu ya kilio hicho sauti ya Minza, ya upole uleule: "Mwanangu, yananyweka haya?"

Nikazinduka na kiu kali. Nikaikamata chupa ya Minza, nikaifungua. Maji yalikuwa angavu, hayana harufu. Nikayafikisha mdomoni, na mkono ukagoma. Neno SALAMA lilikuwa mbele yangu kwa mwandiko wangu, na mimi niliyeliandika nilikuwa naogopa kumeza funda moja. Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Nikalikata neno lile mpaka karatasi ikachanika, nikatoka nje kumwamsha dereva.

"Tunarudi kwa Minza," nilimwambia. "Na safari hii honi usiiguse."