Taulo za Mawimbi

Jumanne, tarehe 14 Mei. Asubuhi ilikuwa ya manyunyu, anga limeinama chini, upepo hakuna. Mvua ilikuwa imeshika wiki nzima, na kwa sisi vinyozi maana yake ni moja: taulo hazikauki.

Nilipofungua mlango wa kibanda chetu cha kunyolea, harufu ilinipokea kabla sijawasha taa. Niliijua. Ni ya ile chupa ya buluu ya shemeji yangu, yenye picha ya wimbi na gogo la mti, iliyoandikwa "Bahari na Msitu, kwa Mwanaume Kamili". Inauzwa pale pembeni kwa bei ndogo kuliko ya kunyoa kichwa kimoja. Anavyoipenda, wateja wamempa jina la Mawimbi, naye analiitikia.

Sina ugomvi na manukato. Mwanaume akioga kisha akajipulizia kidogo, amefanya jambo jema. Hata hayo ya bei nafuu, siku ya kwanza aliyoyapaka shingoni yalinukia vizuri, kama chumvi na ubao uliorandwa sasa hivi. Asubuhi ile hayakunukia hivyo. Ilikuwa kana kwamba mtu amemtapikia seremala.

Nilifuata pua yangu hadi kwenye kabati la taulo.

Kibanda ni cha baba mkwe wangu. Yeye ndiye aliyetufundisha kazi, mimi na mwanawe huyu, kaka wa mke wangu. Sheria yake haijabadilika: taulo ikishagusa uso wa mtu huingia kwenye ndoo, inachemshwa kwa sabuni, inaanikwa, ndipo inarudi kabatini. Kabla ya wembe, mteja huwekewa taulo ya moto ili ndevu zilainike. Kusafisha nyembe na mashine ni kazi yangu. Kufua taulo ni kazi ya Mawimbi.

Zilikuwa zimekunjwa vizuri, kingo kwa kingo. Nikaingiza mkono katikati. Zilikuwa mbichi na zinateleza kama ulimi wa ng'ombe. Nikakunjua moja: nywele za watu nisiowajua, doa la manjano lenye duara la damu, na pembeni ukungu mweusi umetapakaa kama mbegu za papai. Nyingine ilikuwa imegandana, nikaivuta ikaachia kwa sauti. Na juu ya yote hayo, bahari na msitu.

Mawimbi aliingia akipiga mluzi.

"Shemeji, taulo hizi umezichemsha lini?"

"Kuchemsha tena? Nimezipulizia."

"Umezipulizia."

"Ile kitu ina spiriti ndani. Iweke karibu na moto uone inavyowaka! Hospitali wanakupaka nini kabla ya sindano? Si spiriti?"

"Hospitali hawapulizi spiriti juu ya usaha wa mtu mwingine wakakufuta nao."

"Sasa mvua hii nianike wapi, kichwani kwangu? Funika kombe, shemeji. Wateja wenyewe wanasifia harufu."

Mke wangu amenisihi mara nyingi: ukiwa na neno na kaka yangu, mwambie faragha, usimvue nguo mbele za watu. Hapo tulikuwa faragha, nikamwambia. Nilimkumbusha kuwa ni Jumanne, siku ya baba kunyolewa. Mzee ana kisukari, na chini ya taya amepata kidonda kisichotaka kufunga. Daktari amesema kikiingia uchafu, atalazwa.

"Baba nimemnyoa wiki iliyopita na hakufa," alijibu, akanipa mgongo.

Nikageukia ukuta, nikamwomba Mungu anipe ulimi mpole, maana niliokuwa nao haukuwa mpole.

Wateja wawili walikuja wakaketi kwenye benchi, fundi viatu wa mtaa wetu na dereva wa lori. Kisha mzee akaingia na mwavuli wake, akasalimia, akaketi kwenye kiti na kuinua kidevu. Kidonda kilikuwa kimevimba kuliko Jumanne iliyopita. Kiling'aa.

"Mzee, leo unanyolewa ufukweni," fundi viatu alisema.

"Ufukwe wa wapi?" dereva akadakia. "Mimi nasikia soko la samaki limepakwa vanishi."

"Pua za bure hizo," Mawimbi alisema. "Hii ni harufu ya mwanaume kamili."

Akamimina maji ya moto juu ya taulo, akaikamua. Mvuke ukapanda. Joto liliamsha kila kilichokuwa kimelala ndani yake, na fundi viatu aliacha kucheka, akavuta kola ya shati hadi puani. Taulo ilikuwa inashuka kwenye shingo ya mzee nilipomshika Mawimbi mkono.

"Subiri. Anza na wewe. Jifute uso."

"Mimi sinyolewi leo."

"Jifute tu. Si ina spiriti?"

Alinong'ona, "Shemeji, usinivunjie heshima."

Mzee alikuwa bado ameegemeza kichwa, macho yamefumbwa. "Jifute, baba," alimwambia mwanawe kwa upole.

Mawimbi aliinua taulo. Unywele wa mtu ulikuwa umenata kwenye kidole gumba chake. Akaisogeza hadi karibu na mdomo, akaitupa na kukimbilia nje. Tulimsikia akitapika mtaroni. Aliporudi alijifuta mdomo kwa mkono wa shati.

Dereva alikuwa anajipapasa kidevu. "Kumbe vipele vyangu hivi..." alisema, akasita, akautazama mkono wake.

Mzee alifumbua macho. Alijigusa kidonda, akanusa ncha za vidole.

"Na hiyo ndiyo uliyoniwekea wiki iliyopita."

"Baba, nilidhani..."

"Nimesikia ulichodhani." Alisimama, akajishikilia kwenye kiti. "Mkwe wangu, nipeleke zahanati wakanisafishe. Lakini siondoki kabla huyu hajasema neno. Na aliseme kwa sauti. Watu hawa wamempa nyuso zao."

Mawimbi alitazama sakafu, halafu akamtazama dereva na kile kidevu chake. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mbele ya Mungu," alisema, "mbele yako baba, na wewe shemeji, na nyinyi mlioketi hapo. Taulo nisiyoweza kuiweka kwenye uso wangu, sitaiweka kwenye uso wa mtu. Nitazichemsha mwenyewe, kila moja. Na siku nitakayokosa taulo safi, nitasimama mlangoni nimwambie mteja aende kwa kinyozi mwingine."