Miche ya Akiba

Bibi Tsuruyo alikuwa na majaruba matatu ya mpunga juu kabisa ya bonde la Kuresawa, pale barabara inapoishia na msitu wa mierezi unapoanza. Mumewe, Eikichi, alifariki mwezi wa pili, theluji ikiwa imefika usawa wa madirisha. Mtoto wao mmoja tu, Kiyonori, anayefanya kazi mjini Sendai, alitaka kumchukua mama yake siku ileile ya mazishi. Bibi akakataa. Walibishana siku tatu mbele ya picha ya marehemu, mwisho wakakubaliana: Bibi alime msimu mmoja peke yake. Mpunga ukitoka vizuri, Kiyonori hatataja tena habari ya kuhama. Ukiharibika, baada ya mavuno nyumba itafungwa.

Hayo niliyajua kabla sijamjua mwenyewe. Bonde lina nyumba kumi na moja, tano tu ndizo zenye watu, na watu wa nyumba tano wakikosa la kusema husema ya jirani.

Nilikuwa na miezi miwili katika ofisi ya kilimo ya wilaya. Chuoni nilisomea magonjwa ya mimea. Nilipenda maabara kwa sababu kuvu hawaulizi mtu habari zake. Kazi niliyopewa ilikuwa kuzunguka mabonde saba, kuingia majarubani, kuhesabu majani yenye madoa, na kuzungumza na wakulima. Hilo la mwisho ndilo lililonipa shida. Nilipanga chumba juu ya duka la viatu lililofungwa zamani, na kuna siku za mapumziko ambazo neno langu la kwanza kutoka kinywani lilikuwa la kumshukuru muuza mboga, jua likiwa linazama.

Nilipofika kwa Bibi mara ya kwanza ilikuwa tarehe kumi na mbili mwezi wa sita. Alikuwa ameinama katikati ya jaruba la juu, kikapu cha miche kiunoni, akijazia mapengo.

"Wewe ndiye mwalimu wa wadudu?" aliuliza bila kuinuka.

"Wa magonjwa, Bibi. Na wadudu pia."

"Mdogo hivyo, tena msichana. Nilidhani wataleta mtu mwenye ndevu."

Pikapu ndogo ilipita barabarani taratibu. Mzee Hidesaku, mwenye majaruba ya chini yake, alitoa kichwa dirishani. "Tsuruyo, safu ya nne pana pengo."

"Angalia barabara, Hidesaku. Mwaka juzi uliendesha mpaka kwenye mfereji, ukasema unakagua maji."

Mzee akacheka, akaenda zake.

Mashine ya kupandikiza huruka shina hapa na pale. Haina madhara. Mashina ya jirani hutoa machipukizi yakalijaza pengo, na ukivuna huoni tofauti. Lakini hakuna mtu aliyevuka miaka sitini katika bonde lile anayeweza kulala akijua ana pengo linaloonekana kutoka barabarani. Kwa hiyo kila mtu huacha mikeka michache ya miche iliyoshikana mizizi kwenye kona ya jaruba, karibu na mlango wa maji, awe anachomoa na kujazia. Miche hiyo ya akiba hubanana, hulowa, hukosa chakula. Ugonjwa wa kuvu uitwao bakajani huanzia hapo, kisha upepo huusambaza jaruba zima na la jirani. Ndiyo maana ofisi yetu hubandika tangazo kila mwaka: ukimaliza kujazia, ifukie miche iliyobaki.

Kwenye kona ya Bibi niliona mikeka minne. Miche ilikuwa imeanza kuwa ya manjano. Nikapiga magoti, nikatoa lenzi, nikageuza jani baada ya jani. Hakukuwa na doa. Lakini mvua za msimu zilikuwa zinakuja, na hiyo miche ilipaswa kuwa chini ya tope tangu wiki iliyopita. Nikafungua mdomo niseme.

"Hiyo ndiyo inayonitoa nyumbani," Bibi akasema. Alikuwa amekuja kusimama nyuma yangu. "Nikiamka sina wa kumpikia. Basi najiambia, haya Tsuruyo, kuna mapengo. Mapengo yakiisha sijui nitaamkia nini."

Nikafunga mdomo.

Akanipeleka barazani, akanipa chai na figili za chumvi, akaniuliza kwetu ni wapi, mama yangu hupika nini, nalala na blanketi ngapi. Tangu nije wilaya ile hakuna aliyeniuliza mambo hayo. Nilikaa saa nzima. Nilipoingia garini niliandika kwenye daftari: Miche ya akiba bado ipo. Mwambie wiki ijayo.

Wiki iliyofuata mvua haikupumzika. Mawingu yalikaa juu ya paa za nyumba siku tisa, nami nikapelekwa bonde lingine ambako mfereji mkuu ulibomoka. Nilikuwa na namba ya simu ya Bibi. Usiniulize kwa nini sikupiga. Niliishika simu mara mbili, nikaona nitamkuta anakula, nikaona nitamkuta amelala.

Niliporudi ilikuwa tarehe ishirini na nne. Sikuhitaji lenzi. Mikeka minne kwenye kona ilikuwa kama imepitiwa na moto. Kwenye kila jani kulikuwa na madoa yaliyochongoka pande mbili, katikati kijivu, ukingoni kahawia. Nikatembea kandokando ya tuta, nikihesabu. Hatua kumi, majani yote yana madoa. Hatua ishirini, nusu. Hatua thelathini, machache. Mashina yaliyokuwa karibu na mlango wa maji yalikuwa yamedumaa, yamejikunja kama yanasikia baridi.

Bibi alisimama akinitazama ninavyohesabu. Alikuwa ameshajua. Mtu aliyelima miaka sitini anaujua ugonjwa huo.

"Umetoka kwenye miche ya akiba," nikasema. "Inabidi tuifukie leo, Bibi. Halafu dawa, mvua ikikatika tu."

Hakubisha. Aliingia na mabuti yake, akaing'oa mikeka mmoja mmoja, akaigeuza mizizi juu, akaikanyaga hadi tope likaifunika. Alikanyaga muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Nimepita hapa kila asubuhi," alisema. "Kila asubuhi, mwalimu. Nikachomoa miche hapa kwa mkono wangu nikaipanda katikati. Eikichi angeona siku ya kwanza."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nilitazama maji yakiingia kwenye nyayo zake. Nikasema, "Macho ya mtu mmoja hayatoshi," neno lisilo na maana yoyote, naye akaitikia kwa kichwa kama vile nimempoza.

Siku mbili baadaye tulipuliza dawa. Bibi alikataa nimbebee bomba, nikamfuata nikivuta mpira usinase kwenye matuta. Tuliendelea hivyo mpaka mwezi wa saba. Nilipita kila Jumanne, hata Jumanne ambazo ratiba iliniweka kwingine. Majaruba yake mawili ya chini yalishika rangi nzuri. La juu lilibaki fupi na lenye mabaka, na asubuhi moja nilimkuta Bibi amefungua mfuko wa mbolea ya kukuzia.

"Hapana, Bibi."

"Mtoto akikonda halishwi?"

"Huyu ukimlisha unalisha ugonjwa. Majani yakiwa laini kuvu wanafurahi. Rudisha mfuko."

Alinitazama, kisha akacheka kidogo. "Kumbe sauti unayo." Akaufunga mfuko. Alivyocheka vile nilijisikia vibaya siku nzima.

Mwezi wa nane mpunga ukatoa masuke. Kwa majaruba ya chini ilikuwa furaha, ukipita jioni unasikia harufu yake tamu. Kwenye jaruba la juu, wiki mbili baadaye, shingo za masuke zikawa nyeusi. Maji hayapiti shingo ikiwa imeoza. Masuke yakageuka meupe, yakasimama wima kwa kuwa hayakuwa na uzito wa kuyainamisha. Bibi alichuma moja, akalibana kwa vidole tokea chini hadi juu. Lilitoka pumba.

Tangu siku hiyo alianza kugawa vitu. Hidesaku alipewa msumeno wa Eikichi. Mimi nilipewa sufuria ya chuma nzito ambayo nisingeweza kuijaza chakula cha mtu mmoja.

"Kiyonori ana haki," aliniambia akiifuta sufuria. "Nilisema naweza peke yangu. Macho yamekwisha, na mtu asiyeona jani analima nini? Tena ingekuwa kwangu tu sawa. Ungeshuka kwa Hidesaku je?"

"Haukushuka."

"Bahati tu."

Nikaibeba sufuria hadi garini. Nilikaa nayo mapajani bila kuwasha injini. Alikuwa anaondoka kwa sababu aliamini hakuona, na mtu aliyeona nilikuwa mimi.

Kiyonori alikuja kuvuna mwisho wa mwezi wa tisa. Mwanamume mpole, mwenye mgongo wa kukaa ofisini. Hidesaku alikuja kusaidia, nami nikaomba ruhusa ya siku moja. Tulikata, tukafunga miganda, tukaitundika kwenye miti ya kuanikia. Jaruba la juu tuliliacha mwisho. Saa sita tukakaa tutani kula matonge ya wali. Kiyonori alilitazama jaruba lile jeupe, akaweka tonge lake chini.

"Mama, tulikubaliana."

"Nimeshafunga vyombo," Bibi akajibu. "Huna haja ya kusema kwa upole hivyo. Mimi siyo mgonjwa."

"Siyo kosa lako. Ni umri. Kila mtu macho yake..."

"Siyo macho," nikasema. "Hakukuwa na kitu cha kuona. Tarehe kumi na mbili mwezi wa sita miche ya akiba ilikuwa haina doa hata moja, niliikagua kwa lenzi. Lakini mimi nilijua inatakiwa kufukiwa. Ndiyo kazi yangu kujua. Nilikaa barazani kwa Bibi saa nzima na sikumwambia. Nikaandika nitamwambia wiki ijayo. Sikuja, wala sikupiga simu. Ugonjwa ulipoingia, nikamwacha aamini ni macho yake."

Nilitoa daftari. Nikampa Kiyonori likiwa wazi. Alisoma mstari ule, akampa Hidesaku. Hidesaku alisoma akisogeza midomo.

"Wote tunaiacha miche," alisema. "Hata mimi. Yangu niliifukia kwa kuwa huyu binti aliniambia. Nikamjibu vibaya, nadhani. Nilimwambia akaolewe kwanza."

"Ulisema hivyo," nikakubali.

Bibi hakucheka. Alikuwa akinitazama mimi.

"Hidesaku ulimwambia."

"Ndiyo, Bibi."

"Mimi hukuniambia."

"Ulisema ndiyo inayokutoa nyumbani."

"Kwa hiyo ukanionea huruma." Alikunja kitambaa cha chakula, mara mbili, mara nne. "Miezi mitatu najiita kipofu. Nimegawa msumeno wa mume wangu. Huruma yako hiyo, mwalimu, ungempa mtu mwingine."

Akasimama, akajipangusa majani, akamgeukia mwanawe.

"Umesikia. Mawili yamejaa, na nimeyalima mimi. Hili la juu mwakani nitaliacha, limekuwa mbali kwa miguu yangu, hilo nakubali. Lakini siendi."

Kiyonori alitazama miganda iliyotundikwa, safu mbili nzito. "Mwaka mmoja mmoja basi," alisema. "Kila mavuno tunaongea."

"Tutaongea. Hidesaku, msumeno wangu."

"Nitauleta kesho."

"Ulete leo."

Kwangu hakusema neno jingine hadi jua linazama, wala hakuniita barazani wengine walipoitwa. Niliwasikia wakivua mabuti nikiwa njiani kuelekea garini.

Nilipita Jumanne iliyofuata, na nyingine, nikimwacha kila mara na salamu ya mlangoni ambayo ilijibiwa kwa adabu kamili, kama anavyojibiwa mtu wa ofisi. Sufuria niliirudisha, aliipokea. Barua ya maelezo niliipeleka kwa mkuu wangu, akanionya, akaniacha kazini.

Katikati ya mwezi wa kumi na moja nilipanda bondeni kumwambia kuhusu majani makavu ya jaruba la juu. Yakiachwa penye unyevu chini ya theluji, kuvu hungoja humo hadi masika. Yabebwe yote yatoke. Na mbegu asichukue kwenye jaruba lile, anunue iliyosafishwa. Safari hii nilikuwa nimepanga kuyasema nikiwa bado nimesimama, kabla ya salamu kwisha.

Nilimkuta jarubani, mgongo umeinama, akikusanya majani hayo kwa reki. Alikuwa ameshamaliza theluthi. Anga ilikuwa nzito na milima ya nyuma haikuonekana.

Nikasema yote niliyokuja kusema. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mbegu nimeagiza," alisema. "Haya mengine unayaona."

Akaendelea. Nilisimama tutani kwa muda. Kisha nikaona jozi ya glavu imetundikwa kwenye mpini wa uma uliosimikwa ardhini, nikazivaa, nikaanza upande wa pili. Reki yake ilikwaruza, uma wangu ulichoma na kuinua. Mara mbili alikuja akapitia nilipopita mimi, akaokota vijiti viwili vitatu nilivyoacha, akaviweka kwenye rundo langu.

Giza lilipoanza kuingia tulikuwa tumebakiza kona ya mlango wa maji. Bibi alinyoosha mgongo kwa hatua, mkono kiunoni, akatazama vidole vyangu.

"Hizo glavu zilikuwa za Eikichi. Zinakupwaya, utaota malengelenge. Kesho uje na zako."

"Ndiyo, Bibi."

Akaweka reki begani akashuka kuelekea nyumbani, taa yake ikawaka, pekee upande ule wa bonde. Kesho yake ilikuwa Jumapili, siku yangu ya mapumziko. Nikatundika glavu pale nilipozitoa.