Soksi Thelathini na Tano

"Hela ni mkate," Fundi alikariri. "Au kabichi. Ikiwa kidogo, karanga."

"Safi, shemeji. Na bei ikiwa kali, Waingereza wanasema imekula mkono na mguu."

Fundi akatazama kidole chake kilichokatwa nusu na msumeno. "Basi mimi nimeshaanza kulipa."

Mwalimu wake walimwita Profesa, maana chuo alikiacha mwaka wa pili. Alikuwa analala kwa dada yake, mke wa Fundi, kwenye kochi fupi kuliko yeye, na kila alfajiri kuna mtu alimkalia miguu akivaa viatu. Fundi alimwahidi kwamba mama mmoja wa ng'ambo akiagiza stuli za hoteli yake, atamlipia kodi ya chumba. Chumba chenye mlango! Kazi ilikuwa kumfundisha Kiingereza cha hela, maana Fundi alishasikia kuwa matajiri hawaiti hela kwa jina lake.

Ila Profesa na utani ni pete na kidole. Jana alimchomekea neno la uongo: wakubwa wenyewe huita hela "soksi". Alipanga kumwambia baadaye, wacheke, yaishe.

Simu ya video ikaita kabla ya hiyo baadaye. Ofisi ilikuwa kona ya karakana iliyozibwa kwa plaiwudi, bila dirisha, na Fundi alikaa juu ya ndoo ya vanishi, mgongo mlangoni.

"Shemeji, lile la soksi liache," Profesa alinong'ona.

"Niliache? Nimelikeshea!"

Mama akatokea kwenye kioo, miwani kichwani. Fundi akakohoa, akamwaga Kiingereza chake: "Mama, stuli hizi si za karanga. Kila moja soksi arobaini."

Jasho likamshuka Profesa mpaka kiunoni. Akisema ukweli, chumba hakuna, na kochi pia hakuna. Akafumba mdomo.

"Soksi?" mama akauliza.

"Soksi," Fundi akajibu, kifua mbele.

Mama akamgeukia mumewe aliyekaa kando yake. "Siku hizi wanasema soksi?"

"Zamani mbona!" mume akasema haraka, asionekane amepitwa. "Wewe ulikuwa wapi?"

Mama akashusha miwani. "Soksi thelathini na tano, usafiri juu yangu. Tuongee kila asubuhi mpaka kazi iishe."

Simu ilipokatika, Fundi alimkumbatia Profesa mpaka mbavu zikalia.

"Sasa shemeji, kile chumba..."

"Chumba cha nini? Kila asubuhi, umesikia? Nikikwama nikupigie filimbi?"

"Uliahidi!"

"Niliahidi kabla sijajua thamani yako. Mama watoto! Ndugu yako haendi popote!"

"Mungu mkubwa!" dada akapiga kigelegele nje.

Profesa akamvuta shati. "Shemeji, lile neno la soksi, ukweli ni kwamba..."

"Ndilo lililotupa kazi! Nitafutie mengine kumi kama hilo. Hebu lala hapa."

"Wapi?"

"Juu ya meza ya randa. Nakupimia kitanda. Nitakigongelea pale ukutani, karibu na simu."

Profesa akalala. Futi baridi ikapita toka utosini hadi kisiginoni. Fundi akachomoa penseli sikioni, akaandika kwenye ubao, kisha akapima tena kiunoni.

"Usivute tumbo," akasema. "Nataka kikutoshe hata ukinenepa."