Nyaya Ishirini na Nne Chini ya Nyasi

Mzee alikutwa ana jembe mkononi na hatia usoni, na mke wake aliviona vyote viwili tangu getini.

"Usiniambie," alisema, akiuweka chini mfuko wa nyuzi aliotoka kununua. "Usiniambie hata kidogo."

Na kweli hapakuwa na la kuambiwa. Katikati ya bustani ulikatiza mtaro wa hatua tano, mpana kama wa bomba la maji, na udongo umetapakaa huku na huku. Nyasi hizo mke wake alizipanda kwa mkono, kipande kwa kipande, miaka mitatu. Zilikuwa nusu ya biashara yake ya ushonaji: mteja akishavaa gauni jipya hutoka kibarazani, husimama juu ya nyasi, hupigwa picha, na picha hiyo humletea fundi wateja wengine watatu.

"Ni waya mmoja tu, mke wangu," mzee alijitetea. "Bado ishirini na tatu."

Aliijutia kauli hiyo kabla haijamtoka yote. Jembe lilichukuliwa, likafungiwa stoo, na ufunguo ukaenda kukaa shingoni mwa fundi pamoja na futi yake ya kupimia. Kwa siku tatu mzee alipewa chakula bila maneno, na yeye pasipo maneno chakula hakimshuki.

Tusimwonee bure lakini. Kabla ya kustaafu mzee huyu alifanya kazi miaka ishirini na miwili katika chumba cha mawasiliano ya meli, akipokea ujumbe wa nukta na vistari. Meza ya pili alikaa mwenzake, aliyemzidi umri kidogo, ambaye kazini walimwita Mkono Mwepesi kwa jinsi alivyogonga herufi. Mzee wetu alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: kila siku alifika dakika kumi baada ya wengine, hata siku ya kupewa cheti cha utumishi bora. Mkono Mwepesi hakumsalimu kwa mdomo hata siku moja. Alichukua penseli, akagonga mezani neno moja, "Umechelewa," kisha akaendelea na kazi. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yao, na wala hawakutaka nyingine.

Mwaka uliopita Mkono Mwepesi alipata kiharusi. Sauti ilikwenda, na mkono wa kulia ukaenda nayo. Simu ikawa haina maana kwake; kuongea hawezi, na zile herufi ndogo za kwenye kioo zinamtoroka. Lakini binti yake alipomsogezea mtambo wa redio na kitufe cha kugongea upande wa kushoto, mkono ulikumbuka kazi yake yote. Tangu hapo kila Jumamosi saa nne asubuhi alimwita rafiki yake hewani.

Mzee alimsikia vizuri kabisa. Alimjibu mpaka jasho likamtoka, na jibu halikufika. Nyumba hii walihamia baada ya kustaafu, na mlingoti wa antena aliousimamisha pembeni ya bustani ulikuwa mtupu: haukuwa na zile nyaya ishirini na nne za ardhini za kuupa mahali pa kusukumia mawimbi yake. Mlingoti wa namna hiyo ni kama mtu anayejaribu kuruka huku amesimama kwenye godoro. Miezi minane Mkono Mwepesi aliita, akasikiliza ukimya, akazima.

Siku ya Jumatano simu ya mzee ililia, naye akaiweka sauti kubwa kwa sababu masikio yake hayaamini tena ile ndogo. Alikuwa binti wa Mkono Mwepesi.

"Shikamoo, Baba Mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Hajambo?"

"Hajambo. Ila ameniandikia kikaratasi. Anataka mlingoti wake ushushwe Jumatatu na mtambo apewe mtu mwingine. Nimemwambia Baba Mdogo anakujibu, ni antena tu. Anatikisa kichwa. Anadhani nambembeleza."

Cherehani iliyokuwa ikinguruma kwenye chumba cha mbele ilinyamaza. Mzee aliaga, akakata simu, akabaki ameitazama. Alijiona kama mwizi.

"Kwa nini hukuniambia?" mke wake aliuliza kutoka mlangoni.

"Nilikwambia nataka kufukia nyaya, ukakataa."

"Uliniambia nyaya. Hukuniambia mtu." Alivuta kiti, akakaa. "Haya. Lazima uchimbe kina kile?"

"Shubiri moja. Kitabu kinasema."

"Kinasema kwa nini?"

Mzee alikuna kichwa. Akaenda kukileta, kijitabu cha kazini chenye jalada lililofungwa kwa gundi, akakifungua pale alipokuwa anapajua kwa moyo. Ukurasa uliishia kwenye neno shubiri. Kwa miaka thelathini hakuwahi kuufunua. Mke wake aliufunua, akasoma kwa sauti: "Ili zisinaswe na plau ya trekta. Pasipo kulimwa, hutosha kuzilaza juu ya ardhi." Akavua miwani. "Una trekta, mzee?"

Hakuwa nalo.

"Miezi minane," alisema mke wake. "Kwa ajili ya trekta." Akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika mbavu, na mzee, baada ya kuvimba kidogo kwa heshima ya umri wake, akacheka naye.

Tangu hapo kazi ilipata msimamizi. Fundi hakuiita kufukia. Aliiita kupiga bandi, kama fundi anavyoshikiza nguo kwa mishono mirefu ya juujuu. Mtaro ulirudishiwa udongo wake na kipande cha nyasi kutoka nyuma ya choo. Alhamisi mzee aliamriwa kuzifyeka nyasi zikae chini kama zulia na kuzimwagia maji. Mke wake alitoa henga zote za waya za kutundikia nguo alizokusanya miaka nenda miaka rudi, wakazikata kwa koleo na kuzikunja pini za miguu miwili, mia mbili na arobaini, vidole vyao vikawaka moto. Ijumaa walitoka na kamba na chaki ya nguo. Kutoka chini ya mlingoti walipiga mistari ishirini na minne kama mikunjo ya sketi pana, wakavuta waya wa shaba juu ya kila mstari, wakaukaza, wakaubana na pini kila nusu hatua mpaka waya ukazama kati ya nyasi. Mahali wateja wanapokanyaga hawakuthubutu kuuacha juu. Hapo fundi alichoma sepetu wima, akaitingisha mpaka ardhi ikafunguka mwanya mwembamba, akausukuma waya ndani kwa rula yake ya mbao, pingili moja ya kidole, kisha akaufunga mwanya kwa kisigino.

"Upindo hauhitaji shubiri," alisema. "Unahitaji kutulia."

Jumamosi saa tatu na nusu, kana kwamba ni mtihani, alikuja bibi harusi mtarajiwa kuchukua gauni aliloahidiwa wiki mbili nyuma. Alikuwa na viatu vya visigino virefu kama misumari. Alizunguka juu ya nyasi, akageuka, akarudi kinyumenyume. Mzee alimtazama kupitia dirishani. Hakuna kilichomnasa.

"Fundi, nyasi zako zimependeza," bibi harusi alisema. "Umezinyoa?"

Saa nne kasoro dakika tano mzee alikuwa mezani. Hakuwahi kuwahi mahali popote maishani mwake. Saa nne kamili Mkono Mwepesi aliita, taratibu, kama mtu anayepiga hodi asiyetarajia kufunguliwa. Mzee alimjibu, akaondoa mkono kwenye kitufe, akangoja. Ukimya. Ukimya ukazidi. Mke wake alikuwa nyuma yake, futi shingoni.

Kisha nukta na vistari vikaanza kuja, na mzee akaandika herufi moja moja kwenye karatasi, mpaka neno likakamilika. UMECHELEWA.

Machozi yalimtoka waziwazi, na kicheko nacho kikamtoka hapohapo.

"Ndiyo salamu hiyo?" mke wake aliuliza, akisoma juu ya bega lake.

"Ndiyo yenyewe."

"Basi mjibu, mtu anangoja." Akampangusa uso kwa ncha ya kanga. "Mwambie nyaya zilikuwa kwa fundi."