Ngozi Ilipolowa

Lori la Fortunata liliishia shambani kwa Bibi Otilia, nje kidogo ya Kasense, pua imezama kwenye ntumba, yale matuta makubwa ambayo Wafipa hufukia nyasi ndani yake. Bila matuta hayo tungekuwa tunasimulia msiba. Hakuna gunia lililopasuka, na dereva hakupata hata mkwaruzo. Shida ni kwamba dereva mwenyewe, Isdori, alinuka pombe kuanzia kofia hadi viatu.

Ilikuwa kimpumu, pombe ya ulezi, chungu kizima, zawadi ambayo kaka yake Fortunata alimkabidhi Isdori kule Mpui amfikishie dada yake. Lori lilipochomoka barabarani, chungu kikampasukia mapajani. Sasa nenda ukawaeleze hivyo watu wa Kasense, waliokwisha kucheka kabla hujafungua mdomo!

"Nimeliona kwa macho yangu," Bibi Otilia alisema. "Limekuja linayumba kama mtu katoka kilabuni."

Fortunata aliletwa na baiskeli kutoka Majengo, mjini Sumbawanga, baada ya kupelekewa habari. Tangu serikali iruhusu watu binafsi kununua mahindi, mama huyo alihangaika mpaka akapata lori hilo kuukuu, na sharti lake kwa dereva lilikuwa moja tu: ukilewa kazini, rudisha ufunguo. Akamsogelea Isdori, akavuta pumzi, akakunja uso.

"Lete ufunguo."

"Mama, ni chungu chako hicho."

"Kilivunjika kimejaa, au kilikuwa kimebaki nusu?"

Watu wakaangua kicheko. Isdori akatoa ufunguo, na masikio yakamwaka moto kwa aibu. Hakuwa na kazi nyingine aliyoijua, na ni nani Sumbawanga nzima angempa gari dereva aliyefukuzwa kwa ulevi?

"Kabla hujaniita mlevi, mama, niache nilikague."

Tairi zote zilikuwa na upepo. Alikanyaga breki, ikashika vizuri. Alizungusha usukani, magurudumu yakatii. Kila alipokuta kitu kizima, moyo ulizidi kumshuka, maana gari likiwa zima lawama zote ni za dereva. Mwishowe akajilaza matopeni, akachungulia springi ya mbele kushoto. Ekseli ilikuwa imerudi nyuma upande huo, na pale alipofunga ngozi hapakuwa na ngozi.

Ni hivi. Kiangazi, bolti iliyobana springi na ekseli ilikatika, na spea hazikupatikana. Shija, mfugaji wa Kisukuma anayeishi Mpui, akampa Isdori ukanda wa ngozi mbichi ya ng'ombe. Unaufunga ungali umelowa, ukikauka unabana kama chuma. Fortunata alipouona alifurahi kupita kiasi, akamsifu dereva wake mbele ya wafanyabiashara wote wa Majengo. Wote wawili wakasahau kwamba kiangazi kina mwisho, na mchana huo mvua ya kwanza ilikuwa imelinyeshea lori njia nzima.

"Ngozi imelowa, imelegea, ekseli ikateleza," Isdori alisema. "Ndiyo maana lori limenivuta kushoto."

"Iko wapi hiyo ngozi?"

Isdori akapapasa matope. Hamna kitu.

"Mama yangu!" Bibi Otilia akapiga ukelele. Mbwa wake alikuwa amejilaza nyuma ya tuta, akitafuna ukanda mrefu kwa raha zake.

Wakamkimbiza shamba zima, Fortunata mbele, kitenge kimepanda magotini. Akadaka ncha moja, mbwa akang'ang'ania nyingine. Kati yao fundo la Isdori lilikuwa bado limefungwa, na ukanda ukazidi kurefuka kadiri walivyovutana. Fortunata akautazama, akauvuta tena kidogo, kisha akamwachia mbwa.

"Sikilizeni nyote!" alisema, akihema. "Huyu hakulewa, ngozi ndiyo iliyolegea. Pombe ni yangu, na hiyo ngozi niliisifu kwa mdomo wangu mwenyewe."

Akampa Isdori ufunguo kwa mikono miwili. Safari hii hakuna aliyecheka, na Isdori akaupokea kwa furaha.

"Na ntumba zangu je?" Bibi Otilia akauliza.

"Samahani, bibi. Nipe jembe," Isdori akajibu.

"Lete mawili," Fortunata akasema.

Wakainama kuyatengeneza matuta upya, tajiri na dereva wake. Isdori alilima ufunguo ameubana kwenye meno, kwa kuwa hakutaka kuuachia hata mfukoni.