Figo ya Tatu na Sharubu Zangu

Yote nitakayoandika hapa ni kweli tupu, na nikitia chumvi, figo zangu zote tatu zinishitaki. Ndiyo, tatu. Mbili nilizozaliwa nazo zilisinyaa, madaktari wakaziacha humo humo kama wastaafu wenzangu. Ya tatu alinipa mdogo wangu wa kike, mshonaji, ikapandikizwa chini ya tumbo upande wa kulia.

Tangu siku hiyo nikawa mali ya umma. Meza vidonge saa mbili asubuhi, meza tena saa mbili usiku, usibebe, usile, kaa! Mimi, niliyekagua mizani ya wafanyabiashara miaka thelathini na moja bila kumwamini hata mmoja! Vidonge nilimeza. Lakini chini ya godoro nilificha mzizi wa Kichina, nilioupata kwa mchuuzi aliyeapa kwamba unamrudishia mzee ujana. Kila alfajiri nikachemsha kipande. Siku ya nne nilibeba friji kutoka ghorofa ya tatu hadi chini, nikakumbuka hatuhami, nikairudisha.

Wiki ya tatu majibu ya damu yakatoka mabaya. Figo ya mdogo wangu ilikuwa inachoka.

"Kaka," akaniuliza, futi ya kupimia nguo bado iko shingoni, "unakunywa nini?"

"Maji."

"Na nini?"

"Na matusi yako."

Hakucheka. "Mimi nimebaki na moja. Hiyo ukiichezea, nyingine siwezi kukushonea."

Nikaja juu. "Hospitali wanasoma makaratasi! Twende kwa tabibu wa Kichina, yule anasoma mwili wenyewe. Akigundua nimekunywa kitu, zinyoe hizi sharubu." Sharubu zangu, wacha nikwambie, zilikuwa pana hadi mlangoni napita kiubavu.

"Na asipogundua?"

"Unakoma kunichunga."

"Haya, vaa viatu."

Kazi yao nilishaisikia: wanashika mkono, wanatazama ulimi. Mkono ningeufanyaje? Ila ulimi niliusugua kwa mswaki mpaka ukawaka.

Tabibu alikuwa mama mfupi wa Kichina, mwenye miwani na kauli ya polepole. Akaweka vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono wangu. Akahamia mkono wa pili.

"Toa ulimi."

Nikautoa kwa fahari.

"Umeusugua leo," akasema. "Utando wa ulimi ni barua yangu. Anayeichana barua anajua kilichoandikwa."

"Ni usafi tu, mama!"

"Na mapigo haya? Yanaruka kama askari aliyekurupushwa usingizini. Mzizi gani, mzee?"

Nikaanza kuzichezea sharubu. Akavua miwani.

"Sikiliza. Kwetu tunasema mwili una walinzi. Mizizi ya nguvu huwaamsha, na kwa mwingine ni sawa. Lakini wewe una mgeni ndani. Vidonge vya hospitali vinawasinzisha walinzi makusudi, wasimfukuze. Wewe kila siku unawapulizia filimbi! Mtu kama wewe mimi simpi hata jani moja bila daktari wake kujua. Nenda hospitali sasa hivi."

"Kwa nini lakini, kaka?" mdogo wangu akauliza, sauti imemshuka.

Nikatazama viatu vyangu. Tabibu akanijibia: "Kwetu figo ndiyo nyumba ya hofu."

"Labda hizo zake mbili," mdogo wangu akasema. "Yangu haijawahi kumwogopa mtu."

Hapo nikasema. Niliogopa figo yake isije ikafia mikononi mwangu, nikataka kuiongezea nguvu. Mzizi uko chini ya godoro, umebaki nusu.

Nililazwa siku hiyo hiyo. Siku tano za sindano, mzizi wenyewe ukachukuliwa na daktari, na majibu ya damu yakaanza kuwa mazuri. Siku ya sita mdogo wangu akaja wodini na mkasi wa kukatia vitambaa.

"Ngoja kwanza! Yule mama aligundua nimesugua, hakusema nimekunywa!"

"Kaka."

"Basi upande mmoja."

"Kaka! Na ukome kuwasimulia manesi habari za friji. Nyumba yetu haina ghorofa."

Vitanda vyote vikaangua kicheko. Nikainua kidevu juu kabisa.

"Kata! Figo ya kuogopa sina."

"Mbona umefumba macho?"

"Hao ni wale wastaafu wawili," nikamjibu, na mkasi ukalia.