Nakiya Alivyomwitikia Mwalimu

Asubuhi ile nilimpaka Nakiya mafuta magotini, nikamfuta, nikampaka tena. Zile shanga za misuko yake nilizibana kwa utepe zisigongane, maana niliogopa hata mlio wa shanga ungeitwa ukorofi. Mama yake, amekwisha kuvaa sare yake ya kazi ya hospitali, alinishika mkono mlangoni.

"Mama, nakuomba. Ukifika huko shuleni, funga mdomo. Usianze mambo yako ya kanisani."

"Kwani mimi nina mdomo gani?"

"Mama!"

"Haya, haya. Nimeufunga."

Nikatia pipi za mnanaa mkobani, za kujizibia mdomo.

Kosa la mjukuu wangu lilikuwa hili. Mwalimu wake, Bi Halvorsen, alikuwa akiwasomea habari za mlima wa moto. Anajua kusoma yule mama, hata Nakiya anakiri. Moto ulipoanza kuteremka, mtoto akaitikia, "Enhe! Waambie, mwalimu!" Akaambiwa anyamaze, akanyamaza. Moto ulipofika kijijini ikamtoka tena, na makofi juu yake. Akatolewa nje, eti anamkejeli mwalimu. Na kwa kuwa alikwishatolewa mara moja kabla ya Krismasi, eti ana jeuri, sasa walitaka kumhamishia ile shule ya watoto watukutu, ng'ambo ya reli.

Mwanangu Lavelle alipelekwa huko akiwa na umri kama wake. Aliingia akipenda hesabu. Alitoka hataki kuona kitabu, na leo ni mtu mzima bado hataki.

Basi tukakaa mbele ya mwalimu mkuu, Bwana Prentiss, mgeni pale shuleni. Theluji ya viatu vyangu ikayeyuka sakafuni na kufanya kidimbwi, nami nikawa nakisogeza kwa mguu kisionekane. Nakiya alikaa juu ya mikono yake. Bi Halvorsen, mzungu mwembamba mwenye sweta la kijani lililofumwa kwa mkono, hakututazama.

"Nilimwonya," alisema. "Akarudia. Darasa zima likacheka. Nilijiona nachezewa."

Nikatafuna pipi.

Bwana Prentiss akakuna kidevu. "Mwaka huu tumekubaliana, Bi Halvorsen. Kabla ya kumtoa mtoto darasani, tunajiuliza kwanza: huyu nimemwona alivyo, au nimemwona ninavyomwogopa?"

Jamani, pipi ilikuwa imekwisha. "Enhee!" nikasema. "Sema, baba! Usiliache hilo!" Na kiganja kikapiga paja, paa!

Bi Halvorsen akaruka kitini. Nakiya akafumba macho.  Nikajua nimempeleka mtoto ng'ambo ya reli kwa mdomo wangu mwenyewe.

"Mama," Bi Halvorsen akaniuliza taratibu, uso umemwiva, "unamkejeli mwalimu mkuu?"

"Mimi? Nimkejeli? Mwanangu, mimi namshikilia asianguke! Kwetu sisi weusi, mhubiri akinyamaziwa kanisani, ajue mahubiri yamekufa. Huyu mtoto amekulia mapajani mwangu pale kwenye benchi. Asipokuitikia, ndipo ujue amekudharau."

Bi Halvorsen akageuka. Akamtazama Nakiya, akanitazama mimi, akawa anavuta uzi wa mkono wa sweta.

"Na Paige?" Bwana Prentiss akauliza. "Yule aliyesimama juu ya kiti siku ya majaribio ya sumaku, akapiga mayowe kwa furaha. Ulimfanya nini?"

Paige ni mtoto wa kizungu, wa darasa hilohilo. Kidimbwi changu kikafika kwenye mguu wa meza.

"Nilicheka," Bi Halvorsen akasema. Sauti ilikuwa ndogo. "Nilisema ana hamu ya kujifunza." Akaweka mkono mdomoni. "Nakiya atabaki darasani kwangu. Nimekosea."

Kule koridoni Nakiya akanivuta koti. "Bibi, kesho nikipenda hadithi, niitikie au ninyamaze?"

Nikamfunga vifungo vya koti, kimoja kimoja. Nimewahi kusikia watu wakisema wamekosea siku ya Jumatatu, na Jumanne wakasahau.

Kesho yake nilishinda na simu mfukoni mwa aproni, shule isije ikapiga nisisikie. Nilichambua majani ya sukuma wiki, nikaosha, nikaosha tena mpaka maji yakawa safi. Kila gari lililopita nilidhani linamrudisha nyumbani, amefukuzwa. Simu haikulia. Nakiya alipoingia jioni, shanga zikilia kwa sababu utepe alikuwa ameufungua, sikungoja hata avue koti.

"Ulinyamaza?"

"Nilijaribu, Bibi. Lakini kwenye hadithi kulikuwa na nyangumi mtoto amepotea."

"Yesu wangu. Ukasema nini?"

"Nilisema, 'Mwite, mwalimu! Mwite mama yake!'"

Nikashika ukingo wa sinki. "Naye mwalimu?"

"Aligeuka haraka, uso mwekundu. Kidole kilishaanza kuonyesha mlango." Nakiya akainua chake kunionyesha. "Kikabaki hewani hivi. Halafu akakishusha, akavuta pumzi, akamwita mama nyangumi kwa sauti kubwa, kama nilivyomwambia."